Kiungo cha Barua Pepe Kinapogoma Kufunguka

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Natumia Outlook kwenye kompyuta yangu ya Windows. Hivi karibuni niliondoa Chrome nikabaki na Firefox. Tangu hapo, kila nikibofya kiungo kilichomo ndani ya barua pepe, napata ujumbe unaosema kwamba sera za shirika langu zinazuia kitendo hicho na kwamba niwasiliane na dawati la msaada. Sina shirika wala dawati la msaada. Kompyuta ni yangu mwenyewe. Kwenye simu nako viungo vinafunguka, ila vinafunguka ndani ya programu ya barua pepe yenyewe, na kila tovuti inanitaka niingie upya kwenye akaunti. Je, nimeingiliwa na virusi? Nifanyeje?

JIBU: Salama kabisa. Kwa dalili ulizoeleza, virusi si mshukiwa wa kwanza, wala hakuna shirika lililokufungia chochote. Umeangukia tatizo la zamani ambalo ujumbe wake umeandikwa vibaya kiasi kwamba kila anayeusoma hutafuta mkosaji asiyekuwepo. Outlook za miaka ya nyuma zilikuwa zinasema kitendo kimefutwa kwa sababu ya vizuizi vilivyowekwa kwenye kompyuta hii, muone msimamizi wa mfumo. Kuanzia toleo la 2013 maneno yakabadilika yakawa hayo ya sera za shirika. Ugonjwa ni uleule. Kwa kompyuta ya mtu binafsi, tafsiri yake ya kweli ni hii: "Nimetafuta programu ya kufungua kurasa za wavuti, nimeelekezwa kwa moja ambayo haipo."

Lazima nieleze kidogo kinachotokea unapobofya, kwa sababu bila hapo utabaki kujaribu dawa moja baada ya nyingine kwa kubahatisha. Programu ya barua pepe iliyosakinishwa kwenye kompyuta kwa kawaida haifungui ukurasa wa wavuti yenyewe. Inachofanya ni kumkabidhi Windows anwani, na Windows ndiye tarishi: anatazama daftari lake kuona nani amepewa kazi ya kupokea anwani zinazoanza na http na https, kisha anampelekea. Wahusika basi ni watatu: programu ya barua, mfumo endeshi, na kivinjari. Ukiongeza kiungo chenyewe wanakuwa wanne. Watu wengi huanza kukilaumu kivinjari, wanakiondoa na kukisakinisha tena, kumbe anwani haikuwahi kukifikia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, fanya majaribio mawili. La kwanza: bofya kiungo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kunakili kiungo, fungua Firefox kwa mkono, kibandike kwenye upau wa anwani, bonyeza Enter. Ukurasa ukifunguka, kiungo ni kizima na Firefox ni mzima. Usipofunguka hata hapo, tatizo halihusiani na Outlook, nitaligusa chini.

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda zaidi, na ni la sekunde chache tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R. Kitatokea kidirisha kidogo upande wa chini kushoto. Andika https://example.com kisha Enter. Anwani hiyo imetengwa rasmi kwa mifano na majaribio, kwa hiyo haina hatari. Hapo umempa tarishi kazi moja kwa moja bila kupitia Outlook. Firefox akifunguka na kuonyesha ukurasa huo, daftari la Windows liko sawa kwa upande wa https, na lawama inabaki kwa Outlook au kwa kile Outlook inachokiangalia. Kisipofunguka kitu, au ukiulizwa uchague programu, au ukipata ujumbe wa kosa, basi daftari lenyewe ndilo limevurugika.

Kwako wewe natarajia moja kati ya matokeo haya mawili: ama Windows ataduwaa, ama atafungua vizuri huku Outlook ikiendelea kukataa. La pili huwachanganya watu sana, na sababu yake ni kwamba Outlook haitosheki na kuuliza nani anapokea https. Huangalia pia nani amepewa faili za aina ya .htm na .html. Ulipokuwa na Chrome, aina hizo ziliandikwa kwa jina lake, ChromeHTML. Ulipoiondoa, programu ilikwenda lakini jina likabaki kwenye daftari. Outlook inaita, hakuna anayeitika, inakuletea hadithi ya sera.

Sasa tiba. Anza na njia ya wazi. Fungua mipangilio ya Windows, ingia sehemu ya programu, halafu pale palipoandikwa Default apps. Kwenye Windows 10 utaona mstari wa kivinjari cha wavuti. Ubofye uchague Firefox. Kwenye Windows 11 unatafuta Firefox kwenye orodha, unaifungua, na juu kabisa utakuta kitufe cha kuifanya kuwa chaguo-msingi. Kitufe hicho hakikuwepo Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021. Mtu alilazimika kubadilisha kila aina ya faili na kila itifaki peke yake, jambo lililolalamikiwa hadi kikaletwa kwa sasisho la Machi 2022. Ukiwa hapo usiishie kwenye kitufe. Shuka chini uone kwa macho yako kwamba http, https, .htm na .html zote nne zina jina la Firefox. Ikibaki hata moja ikiwa na jina jingine au ikiwa tupu, ibofye uibadilishe.

Kama zote tayari zinaonyesha Firefox na bado Outlook inagoma, usiseme "basi hapa pako sawa" ukaondoka. Chagua Microsoft Edge iwe chaguo-msingi, funga dirisha la mipangilio, lifungue tena, kisha rudisha Firefox. Inaonekana kama mchezo wa kitoto, lakini ina maana yake. Unapochagua kitu ambacho tayari kimechaguliwa, Windows huweza kuona hakuna kazi ya kufanya. Unapohama na kurudi, unamlazimisha aandike upya. Baada ya hapo funga Outlook kabisa, si kuipunguza tu hadi chini ya skrini, uifungue tena na ujaribu. Ikiwezekana, washa upya kompyuta. Wengi wenye kisa kama chako huponea hapa.

Ikishindikana, ndipo tunaingia kwenye rejista, yaani daftari lenyewe. Hapa nakuomba uende polepole, kwa sababu rejista haikuulizi mara mbili. Bonyeza Windows na R, andika regedit, kubali. Upande wa kushoto fuata njia hii: HKEY_CURRENT_USER, kisha Software, kisha Classes, kisha .html. Kabla ya yote, bofya .html kwa kitufe cha kulia na uihamishe nje (Export) kama faili ili uwe na nakala ya kurudishia. Halafu tazama upande wa kulia, thamani ya kwanza kabisa kwenye orodha. Kama imeandikwa ChromeHTML, umemkuta mchawi wako. Ibofye mara mbili, futa, andika htmlfile kwa herufi ndogo bila nafasi, kubali. Fanya hivyohivyo kwa .htm, na kwa .shtml, .xht na .xhtml ikiwa zipo. Kisha funga na uwashe upya.

Kuna mahali pengine kwenye rejista ambapo utaelekezwa na watu, sehemu inayoitwa UserChoice. Usijisumbue kuibadilisha kwa mkono. Tangu Windows 8 sehemu hiyo ina alama ya uthibitisho inayokokotolewa na Windows mwenyewe. Ukibadilisha jina bila alama kulingana nalo, Windows anaona umeghushi na kulitupa chaguo lako. Iliwekwa ili programu zisipokonyane nafasi ya chaguo-msingi kwa siri, na kwa maoni yangu ni ulinzi mzuri ingawa unaudhi. Na kwa heshima zote, usipakue zile programu zinazoahidi kusafisha na kukarabati rejista kwa mbofyo mmoja. Tatizo lako ni jina moja katika mistari michache, na programu ya kupita kila kona ya daftari haihitajiki.

Kama hata hayo hayakusaidia, kabidhi kazi kwa Office yenyewe: kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa tafuta Office au Microsoft 365, chagua kuibadilisha, kisha ukarabati wa haraka. Hautafuta barua zako. Ukitaka kujua kama tatizo liko kwenye akaunti yako ya Windows au kwenye kompyuta nzima, fungua akaunti nyingine ya mtumiaji na ujaribu kiungo kutoka huko. Kikifunguka huko, ujue uchafu uko kwenye akaunti yako, na huna sababu ya kufikiria kusakinisha Windows upya.

Nikukumbushe pia kitu kimoja ambacho utakutana nacho mara tu viungo vitakapoanza kufunguka. Huenda vikafungukia Edge badala ya Firefox ingawa umeshachagua Firefox kila mahali. Hilo si hitilafu. Mwaka 2023 Microsoft walianza kuifanya Outlook ya Microsoft 365 kwenye Windows ipeleke viungo Edge bila kujali chaguo-msingi la mfumo. Binafsi sioni sababu ya msingi ya kumpuuza mtu aliyekwisha kusema anataka kivinjari gani, lakini kuzima ni rahisi: ndani ya Outlook ya kawaida fungua menyu ya faili, chaguo, sehemu ya mambo ya kina, ushuke hadi panapohusu ushughulikiaji wa viungo, ubadilishe kutoka Edge kwenda kivinjari chaguo-msingi. Wanaotumia toleo jipya la Outlook watatafuta mpangilio wa aina hiyo ndani ya mipangilio yake.

Umesema kompyuta ni yako na sina sababu ya kutokukuamini, ila kama msomaji mwingine anasoma haya akiwa na kompyuta ya ofisi, asikimbilie rejista. Huko ujumbe wa sera unaweza kuwa wa kweli. Ofisi inaweza kupanga kivinjari kwa kompyuta zake zote, na kila utakachobadilisha kitarudi kilivyokuwa sera itakapopakiwa upya. Mwite fundi wa ofisi, mwambie matokeo ya yale majaribio mawili; utakuwa umempunguzia nusu ya kazi.

Tuje kwenye simu, ambako kisa ni tofauti kabisa. Hapo tarishi hana kosa, kwa sababu hata hakuitwa. Programu nyingi za barua pepe kwenye simu zimejengewa kidirisha chao cha kufungulia kurasa ili usitoke ndani yao. Kwenye Android vidirisha hivyo viko vya aina mbili, na ndiyo maana wengine hawapati usumbufu unaoupata wewe. Aina ya kwanza, iliyokuja na Chrome mwaka 2015, huazima kivinjari halisi cha simu: unaona kidirisha chembamba chenye alama ya kufunga juu kushoto, lakini nyuma yake ni kivinjari chako na vidakuzi vyako vyote (cookies, yaani alama ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari ili ikukumbuke), hivyo tovuti inakutambua. Aina ya pili hutumia kijenzi cha mfumo kinachoitwa Android System WebView. Huyo ana vidakuzi vyake mwenyewe, hajui chochote kuhusu kivinjari chako, na kila tovuti inakuona mgeni. Kwa kuwa unaambiwa uingie upya kila mara, wewe uko kwenye aina ya pili, au uko kwenye ya kwanza lakini akaunti zako ziko kwenye kivinjari kingine ambacho si chaguo-msingi la simu.

Kwa Gmail ya Android, fungua menyu, mipangilio, mipangilio ya jumla, tafuta chaguo la kufungua viungo vya wavuti ndani ya Gmail na uliondolee alama. Programu nyingine za barua zina chaguo linalofanana na hilo chini ya majina mbalimbali. Halafu nenda kwenye mipangilio ya simu, programu, programu chaguo-msingi, programu ya kivinjari, uweke Firefox. Kwenye iPhone, Gmail ina sehemu yake ya programu chaguo-msingi ambako unachagua kivinjari au unaagiza uulizwe kila mara. Apple waliruhusu kubadilisha kivinjari chaguo-msingi kuanzia iOS 14, Septemba 2020. Kabla ya hapo viungo vilikwenda Safari ukipenda usipende. Toleo la mwanzo la iOS 14 lilikuwa na kasoro ya kusahau chaguo lako kila simu inapozimwa na kuwashwa, na lilirekebishwa siku chache baadaye katika 14.0.1.

Ukiwa huna haraka na kubadilisha mipangilio, kidirisha chenyewe karibu kila mara kina menyu ya nukta tatu yenye chaguo la kufungua ukurasa kwenye kivinjari. Tumia hiyo hasa unapotaka kuandika nenosiri. Ndani ya kidirisha cha aina ya pili, programu iliyokihifadhi ina uwezo wa kuona mengi kuliko inavyopaswa, na mara nyingi upau wa anwani umefichwa au umefupishwa, hivyo huwezi hata kuhakiki uko tovuti gani.

Na kama siku moja viungo vyote vya simu vitagoma kwa mpigo au programu ya barua itaanza kujifunga yenyewe bila wewe kubadilisha chochote, usijilaumu. Mwezi Machi 2021 sasisho bovu la hiyo WebView liliangusha programu za Android duniani kote, Gmail ikiwemo, mpaka Google walipotoa sasisho la kurekebisha. Miaka mitano kabla, Machi 2016, iOS 9.3 ilifanya viungo vya Safari na vya programu ya barua vigande au kuangusha programu, na Apple wakatoa 9.3.1 mwishoni mwa mwezi huohuo. Kosa lilikuwa kwenye utaratibu unaoamua kama kiungo kifungukie kwenye kivinjari au kwenye programu ya tovuti husika. Utaratibu wa aina hiyo bado upo kwenye iPhone na Android, na ndio unaofanya kiungo cha duka la mtandaoni kirukie programu ya duka badala ya Firefox. Kwenye Android unauzima kwa kufungua taarifa za programu hiyo na kuondoa ruhusa ya kufungua viungo kwa chaguo-msingi.

Nimeahidi kurudi kwenye kiungo chenyewe, kwa sababu jaribio la kunakili na kubandika likishindwa, huko ndiko pa kuangalia. Anwani ndefu kwenye barua ya maandishi matupu ina tabia ya kukatika. Kanuni za barua pepe zinashauri mstari usizidi herufi 78, na programu fulani bado hukata hapo bila huruma. Kinachobaki ni nusu ya kwanza yenye rangi ya buluu, inayobofyeka, na nusu ya pili iliyolala mstari wa chini kama maandishi ya kawaida. Ukibofya, unapelekwa kwenye ukurasa usiokuwepo. Nakili nusu zote mbili uziunganishe bila kuacha nafasi. Angalia pia mwisho wa anwani: nukta ya kumalizia sentensi au mabano ya kufunga huweza kumezwa na kiungo. Ukiona alama ya = mwishoni kabisa mwa mstari uliokatika, hiyo nayo si sehemu ya anwani; ni alama ya usimbaji wa barua iliyojitokeza mahali isipotakiwa, iondoe. Lakini = iliyo katikati ya anwani iache, hiyo ina kazi. Unapotuma wewe, zungushia anwani ndefu kwa alama za < na >; programu nyingi huelewa kwamba kilichomo ndani ni kitu kimoja.

Vipo viungo vilivyo vizima lakini vimekwisha kutumika. Viungo vya kubadilisha nenosiri au kuthibitisha akaunti mara nyingi hufanya kazi mara moja tu, na vingine huisha muda. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba si lazima awe binadamu aliyekitumia. Mifumo ya ulinzi ya barua za maofisini huweza kufungua kila kiungo ili kukikagua kabla hujakiona. Ukija kubofya, tovuti inakwambia kiungo kimeshatumika, nawe unaapa hujakigusa. Omba kingine, na ikiwezekana uombe namba ya siri ya kuandika badala ya kiungo.

Kuna wakati programu ya barua inakataa kwa makusudi na iko sahihi. Barua iliyomo kwenye folda ya barua taka ya Outlook hugeuzwa maandishi matupu na viungo vyake kuzimwa. Naona watu wakiihamishia barua kama hiyo kwenye kikasha kikuu ili tu kiungo kibofyeke. Usifanye hivyo mpaka umjue mtumaji. Weka kiteua juu ya kiungo bila kubofya, usome anwani halisi inayojitokeza, na uanzie kusoma kulia: sehemu inayotangulia mkwaju (/) wa kwanza baada ya https:// ndiyo inayokuambia uko kwa nani, na ndani yake maneno mawili au matatu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Anwani inayoanza na jina la benki na kuishia na jina usilolijua ni ya huyo usiyemjua.

Mengine kwa kifupi. Ukiwa unaandika barua na si kuisoma, Outlook inakutaka ushikilie Ctrl ndipo ubofye, kwa sababu bila hivyo ingekuwa shida kuhariri maneno ya kiungo. Anayesoma barua ndani ya kivinjari, yaani bila programu ya kompyuta, hana tarishi wa kumlaumu. Aangalie kizuia madirisha ibukizi na viendelezi, ajaribu kwenye dirisha la faragha. Anayetumia Thunderbird afungue mipangilio ya jumla, sehemu ya faili na viambatisho, aone http na https zimepewa nani. Mara nyingi zinaelekea kwenye kivinjari kilichokwisha kuondolewa, na akiziweka ziulize kila mara atachagua upya. Kwenye Mac kivinjari chaguo-msingi kimehamia sehemu ya eneo-kazi na gati (Desktop & Dock) tangu toleo la macOS Ventura la 2022, kabla ya hapo kilikuwa sehemu ya jumla. Kwenye Linux, amri ya xdg-open ikifuatiwa na anwani hufanya kazi ya jaribio langu la pili, na xdg-settings get default-web-browser itakutajia jina la aliyepewa kazi.

Firefox nayo ina kisa chake ambacho huenda ukakutana nacho, basi nikuambie mapema. Ukiona ujumbe kwamba Firefox tayari inaendeshwa lakini haijibu, ama kuna mchakato wake uliokwama nyuma ya pazia, ama uliifungua kwa mamlaka ya msimamizi wakati Outlook inaendeshwa kwa mamlaka ya kawaida. Fungua kidhibiti cha kazi kwa Ctrl, Shift na Esc, maliza michakato yote ya Firefox, kisha uifungue kwa njia ya kawaida. Ukurasa ukifunguka lakini ukakutana na onyo la cheti kwa kila tovuti, tazama saa na tarehe ya kompyuta kabla ya kitu kingine chochote.

Anza basi na Windows na R, halafu uhame Edge na kurudi Firefox. Ukikwama, niandikie unieleze jaribio la pili lilileta nini, toleo la Windows ulilonalo, na jina ulilolikuta kwenye .html ndani ya rejista. Ukitaka kutuma picha ya skrini, funika majina ya watu na anwani za barua zilizomo, maana mimi sizihitaji.